Mcheza Kwao Hutunzwa: Ushairi Wetu na Askari Wazee

Kila mwaka ifikapo tarehe 25 Julai, taifa letu huadhimisha Siku ya Mashujaa. Mkuki na ngao huwekwa penye mnara, tarumbeta hulia, watu husimama kimya, na viongozi wa dini huwaombea waliokufa. Ni sherehe nzito yenye heshima, nami sina neno juu yake. Ninalokusudia kulizungumza katika insha hii ni fungu moja dogo la heshima hiyo, nalo ni mashairi. Kwa kuwa ushairi ndio sauti ambayo Waswahili wameitumia tangu kale kusifu, kulaumu na kushukuru, hatuna budi kujiuliza: je, mashairi yetu yamewashukuru ipasavyo askari waliorudi vitani wakiwa hai, na ambao leo ni wazee?

Jibu langu ni kwamba bado. Kasoro hiyo haikutokana na uhaba wa mapenzi, bali imo katika urithi wa fani yenyewe.

Tangu Utenzi wa Tambuka wa mwaka 1728, utenzi wa vita umekuwa na safari yake inayojulikana. Mshairi huanza kwa kumtaja Mola, huomba wino na karatasi, huingia vitani, na vita vikiisha naye huaga. Shujaa wake ama hushinda ama hufa. Hana nafasi ya kuzeeka. Mtazame Fumo Liyongo, shujaa mkubwa kuliko wote katika ngano za pwani. Alichomwa sindano ya shaba kitovuni na mtu wa damu yake, akaenda kupiga goti karibu na kisima, upinde mkononi, akafa hali watu wakiogopa kumkaribia kwa kudhani yu hai. Picha hiyo ni nzuri mno, nayo imetufunga. Imetufundisha kumwona shujaa akiwa na upinde mkononi siku zote. Haikutufundisha kumwona akiwa na mkongojo.

Tenzi zilizofuata zilikwenda katika njia hiyo hiyo. Hemed bin Abdallah alitunga habari za Wadachi walivyoitamalaki Mrima. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga habari za Maji Maji. Shaaban Robert alitunga juu ya vita vya mwaka 1939 hadi 1945, na utenzi wake ulichapishwa mwaka 1967, yeye mwenyewe akiwa amekwisha kufariki. Henry Muhanika naye alitoa mwaka 1981 utenzi juu ya vita vya Kagera na anguko la Idi Amin. Kazi hizi ni hazina, na mtu asizidharau. Mtunzi aliyeweka matukio katika vina na mizani wakati kumbukumbu zingali mbichi ameifanyia nchi kazi kubwa. Lakini majina ya vitabu hivyo yenyewe yatuonyesha shabaha yake: ni vita, ni kutamalaki, ni anguko. Maisha marefu ya mpiganaji baada ya bunduki kunyamaza ni habari nyingine, na habari hiyo bado yangoja mtunzi wake.

Hali kadhalika sanamu. Pale katikati ya Dar es Salaam amesimama yule askari wa shaba aliyewekwa mwaka 1927, mahali palipokuwa na sanamu ya Wissmann. Maandishi yaliyo chini yake yamewataja askari Waafrika na wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, yakaahidi kwamba wana wao watawakumbuka kwa majina. Ahadi hiyo ni njema, ila majina yenyewe hayakuandikwa. Wapagazi wale walikufa kwa maelfu mengi, kwa njaa na maradhi zaidi kuliko kwa risasi, na kumbukumbu yao iliyo hai zaidi haikutoka kwa mchongaji wala kwa mshairi. Ilitoka vinywani mwa watu walioliita soko lao Kariakoo kwa kufuata jina la kile kikosi cha wapagazi. Hata hivyo, ni wangapi waendao pale kununua nyanya hujua kwamba wanalitamka jina la wale waliobeba mizigo ya vita?

Sasa tuje kwa wazee tulio nao. Majeshi ya Amin yalivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978 na kulibomoa daraja la Kyaka. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kwamba uwezo, sababu na nia ya kumpiga adui tunavyo. Vijana wakaitika: wanajeshi, polisi, magereza, Jeshi la Kujenga Taifa, na mgambo waliotoka vijijini. Wengi wao walikwenda kwa miguu kupita Mutukula, Masaka na Lukaya, hadi Kampala ilipotekwa tarehe 11 Aprili 1979. Kijana aliyekuwa na miaka 20 wakati ule sasa anakaribia miaka 70. Mgambo wengi walirudi kwenye jembe walilokuwa wameliacha. Wenzao waliokufa wamelala Kaboya, na makaburi yao yanatunzwa. Waliobaki wamo miongoni mwetu, nao hawajui kama sifa tunazozisoma majukwaani zawahusu.

Jambo hili nililifahamu kwa aibu yangu mwenyewe. Mwaka mmoja niliombwa kutunga shairi la maadhimisho katika mji mmoja wa mkoani. Nikatunga kama tulivyozoea: damu iliyomwagika, mifupa iliyolala ugenini, majina yasiyofutika. Watu walipiga makofi. Tulipokuwa tukinywa chai, mzee mmoja mwenye nishani kifuani akanishika mkono, akaniambia kwa upole, “Mwanangu, shairi lako zuri, lakini ni la marehemu. Langu utalisoma lini? Au wangoja nami nife?” Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani nikalisoma tena shairi langu, nikaona kweli halikuwa na neno hata moja ambalo mtu aliye hai angeweza kulipokea.

Huo ndio udhaifu wa kwanza wa mashairi yetu ya namna hii: huwazika walio hai. Udhaifu wa pili ni kusifu bila kueleza. Neno “shujaa” likirudiwa mara ishirini bila tendo moja kutajwa hugeuka kuwa mlio mtupu. Mzee yule hakuwa shujaa kwa jumla tu. Kuna mto aliouvuka, kuna rafiki aliyembeba, na kuna usiku aliolala katika maji. Udhaifu wa tatu ni kwamba shukrani huishia katika shairi lenyewe, kana kwamba vina vikikamilika basi deni nalo limelipwa.

Lugha yetu ilikwisha kutuonya juu ya jambo hili. Wazee walisema, “Mcheza kwao hutunzwa.” Katika ngoma, kumtunza mchezaji ni kumpa zawadi mbele ya watu, akiwa angali anacheza, siyo baada ya uwanja kuwa mtupu. Tena neno hilo hilo “kutunza” ndilo tunalolitumia kwa kumlea mtoto, kumwangalia mgonjwa na kuhifadhi mali. Kwa Mswahili, basi, zawadi na malezi vimekaa katika neno moja. Nishani bila matunzo ni nusu ya neno.

Pengine mtu ataniuliza: shairi litamfaa nini mzee aumwaye magoti? Swali hilo ni la haki. Mzee huyo anahitaji dawa kabla ya beti, wala mshairi asijidanganye kwamba kalamu yake ni mkate. Lakini jamii humtunza yule inayemwona, na kazi ya ushairi ni kufanya mtu aonekane.

Njia iko wapi? Naona tunayo katika urithi wetu wenyewe. Mwaka 1858 Mwana Kupona, akiwa mgonjwa, alimwita binti yake akae karibu, akamwachia wosia kwa tenzi. Mle hamna panga wala farasi. Mna mzazi asemaye na mtoto asikilizaye. Hiyo ndiyo fani ifaayo kwa askari mzee. Mshairi aache kusimama jukwaani akimpigia kelele shujaa asiyekuwapo, aende akakae mkekani na yule aliyepo, amsikilize, kisha atunge yale aliyoyasikia: pamoja na hofu, njaa, kicheko cha vitani, na kimya cha kurudi nyumbani. Hapo mzee atakuwa msemaji wa shairi, nasi tutakuwa wasikilizaji, kama ipasavyo watoto mbele ya wazazi.

Mimi nimeanza kazi hiyo, nami naikuta ngumu kuliko kusifu. Mzee akishanieleza jambo, siwezi tena kuandika neno asiloliamini yeye mwenyewe. Nawasihi watunzi wenzangu waliopo mikoani nao waifanye, kila mmoja katika kijiji chake. Mwaka hadi mwaka wasemaji wanapungua, na aliyekwisha kulala Kaboya hatasimulia.