Mtu Kabla ya Matokeo: Suala la Thamani ya Mtu katika Kidagaa Kimemwozea

Utangulizi

Nilimpa mwanafunzi wa kidato cha tatu, hapa Voi, nakala yangu kuukuu ya riwaya ya Ken Walibora, Kidagaa Kimemwozea. Aliigeuzageuza mkononi kisha akanirudishia kwa adabu. "Mwalimu, hiki si hakitahiniwi tena?"

Hakukosea. Riwaya hii iliyochapishwa mwaka wa 2012 ilitahiniwa katika KCSE kuanzia 2013 hadi 2017, kisha ikaachia nafasi Chozi la Heri ya Assumpta Matei. Mwandishi wake aliaga dunia Aprili 2020. Maneno ya kitabu hayakubadilika hata herufi moja siku kilipotoka kwenye orodha, lakini kwa msomaji wangu kilikuwa kimeisha thamani. Aliyeuliza swali hilo hakujua kwamba alikuwa ameligusa suala kuu la riwaya yenyewe: je, thamani ya kitu, au ya mtu, inatokana na kile kinachoweza kumpatia mtu alama?

Makala haya yanadai kwamba chini ya maudhui tuliyozoea kuyaorodhesha, yaani uongozi mbaya, unyakuzi wa ardhi na ufisadi, Walibora anauliza swali moja: mtu ana thamani gani kabla hajafanikiwa, au baada ya kushindwa? Aidha, makala yanadai kwamba jibu lake haliko kwa wale wahusika tunaowatafuta kwanza.

Majisifu: jina na jeraha

Mtahiniwa akiulizwa sifa za Mwalimu Majisifu hujibu haraka: ni mlevi, ni mwenye husuda, ni mwizi wa kazi ya mwenzake. Majibu hayo ni sahihi na yatapata alama. Hata hivyo, yanataja makosa ya mtu pasipo kueleza chanzo chake.

Tuanze na majazi. Ni nani hujisifu? Aghalabu ni yule aliyengoja kusifiwa asisifiwe. Majisifu anaishi Sokomoko katika kivuli cha ndugu yake, Mtemi Nasaba Bora, mwenye cheo, ardhi na sauti. Katika mazingira hayo ameamini kwamba mtu ni kile alichokitenda kikaonekana. Asipokuwa nacho, basi achukue cha mwingine. Ndipo mswada wa Amani unapogeuka kuwa kitabu cha Majisifu.

Walibora hakomei kwenye wizi. Anatuonyesha kwamba sifa ya kuiba haikumponya mwizi. Majisifu anakwenda Chuo Kikuu huko Wangwani kuzungumzia kazi inayobeba jina lake, na anashindwa. Ulimwengu ulikwisha kumpa sifa aliyoitaka, lakini alijua kwamba haikuwa yake, na pombe haikuweza kumsahaulisha. Mtu anayejengea nafsi yake juu ya mafanikio hulazimika kuyalinda mchana na usiku, hata yakiwa halali. Yakiwa ya wizi, ulinzi huo huwa adhabu.

Nasaba Bora anaugua maradhi yayo hayo, ila yeye amevaa vazi la cheo. Mambo yake yanapoporomoka anajitoa uhai. Mwalimu mwenzangu, tunapofika sehemu hiyo tusipite mbio kwenda kwenye "mbinu za uandishi". Mbele yetu wameketi vijana watakaopokea matokeo. Tuwaambie wazi kwamba mtemi huyu alikosea hesabu: alidhani kilichobaki baada ya cheo kuondoka ni sifuri.

Je, Madhubuti ndiye jibu?

Wengi wetu humwona Madhubuti, mwana wa Mtemi, kuwa kielelezo. Amesoma ng'ambo, lakini anakataa kazi ya kupewa kwa sababu ya jina la baba yake. Huo ni uadilifu, na mtahiniwa ana haki ya kuusifu.

Hata hivyo, tuupime vizuri. Madhubuti anataka apewe anachostahili kwa uwezo wake. Hilo ni jambo la haki katika ofisi na serikali. Lakini vipi kuhusu yule atakayepimwa kwa haki kabisa, bila hongo wala upendeleo, na akapatikana amepungukiwa? Madhubuti hana neno la kumwambia huyo. Msimamo wake unasafisha mizani. Hauulizi iwapo kila kitu kinafaa kuwekwa juu ya mizani.

Watoto wasiofanya lolote

Miaka kadhaa iliyopita, riwaya hii ilipokuwa ikitahiniwa, kijana mmoja aliyekuwa akishika mkia darasani aliinua mkono na kuuliza: "Mwalimu, wale watoto wa Majisifu wanafanya nini kwenye riwaya?" Nilimjibu kwamba hao ni wahusika wadogo, tusipoteze wakati. Siku hizo nilikuwa na mazoea ya kusoma alama za mtihani kwa sauti, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Kijana yule hakuinua mkono tena hadi alipomaliza shule. Hilo ni kosa langu, na makala haya kwa kiasi fulani ni jibu nililochelewa kumpa.

Watoto wa Majisifu na mkewe Dora wana ulemavu. Wazazi wanauona ulemavu huo kuwa mzigo na aibu. Katika nyumba ambamo baba anapima kila kitu kwa sifa, watoto wasioweza kumletea sifa hawana pa kuwekwa. Anayekuja kuwatunza ni Imani, mtumishi, msichana aliyepoteza karibu kila alichokuwa nacho. Yeye anawaogesha, anawalisha, anazungumza nao kama watu, na anamtia moyo Dora awatazame upya.

Kwa hiyo jibu la swali la kijana yule ni hili: watoto hao hawafanyi lolote. Wapo tu, na wanapendwa. Hiyo ndiyo kazi yao katika usanii wa riwaya. Wamewekwa katika nyumba ya Majisifu makusudi ili tuone vipimo viwili chini ya paa moja, cha baba na cha yaya. Kitoto Uhuru, kilichotupwa kwenye kibanda cha Amani, kinarudia jambo hilo hilo. Hakijaweza hata kusema, lakini Amani na Imani wanakipokea na kukipa jina. Thamani inatangulia tendo.

Waswahili husema mkono mtupu haulambwi. Imani anaikaidi methali hiyo kila asubuhi, na haoni kwamba amefanya jambo kubwa.

Somo hili katika ardhi ya Taita Taveta

Wanafunzi wetu wanaweza kulielewa jambo hili upesi kuliko wengi, tukianza na wanachokijua. Takriban asilimia 62 ya kaunti hii imo ndani ya mbuga za Tsavo. Mkulima hulima, hupanda, hupalilia, na usiku mmoja ndovu wakapita shambani. Asubuhi hana kitu. Hakuna jirani anayemwita mvivu, wala mtoto wake haachi kumwita baba. Hali kadhalika mchimba vito huko Kasigau: anaweza kuchimba mwaka mzima asilione lile jiwe la kijani lililopewa jina la Tsavo. Akirudi nyumbani mikono mitupu huulizwa kwanza kama yu mzima.

Basi tunajua tayari kwamba mtu na mavuno yake ni vitu viwili. Ila matokeo ya KCSE yakitoka tunasahau. Kijana huulizwa "umepata ngapi?" kabla ya kuulizwa hali. Aliyepata D hupita njia ya nyuma ili asionane na shangazi. Serikali ilifuta uorodheshaji wa shule na watahiniwa mwaka wa 2014, na KCPE ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023, lakini orodha ile bado imo vichwani mwetu.

Nisieleweke vibaya. Mwalimu anayemwambia mtahiniwa kwamba alama si kitu anamdanganya. C ya kujumlisha hufungua mlango wa chuo kikuu, na D huufunga. Mkulima naye huyalilia mahindi yake, kwa kuwa watoto watalala njaa. Ninachosema ni kwamba alama huamua ni mlango gani utafunguka. Haiamui kama aliyesimama nje ni mtu. Na naamini kijana anayelijua hilo husoma kwa utulivu zaidi, kwa sababu akikosea swali moja hajipotezi mwenyewe.

Kasoro ya riwaya

Mhakiki mwadilifu hana budi kuikosoa kazi anayoipenda. Mwishoni Walibora anasawazisha hesabu: Majisifu anakiri wizi wake, ukweli kuhusu Amani unajulikana na haki yake inamrudia. Msomaji anaridhika. Lakini je, Amani angekuwa na thamani ile ile kama asingetambuliwa kamwe, akabaki mchungaji wa ng'ombe wa Mtemi? Matendo yake katikati ya riwaya yanajibu ndiyo. Alikilea kitoto Uhuru akiwa hana jina wala kitabu. Mwisho wa furaha unakaribia kutusahaulisha hilo, na ni wajibu wa mwalimu kulikumbusha darasa.

Hitimisho

Nimeonyesha kwamba Majisifu na Nasaba Bora wanaangamizwa na kipimo kimoja, kwamba Madhubuti anakirekebisha kipimo hicho bila kukiacha, na kwamba ni Imani pekee anayekiweka kando. Mtahiniwa akumbuke kwamba mhusika mdogo anaweza kubeba dhamira kubwa. Mwalimu naye akumbuke kwamba anayeketi nyuma ya darasa anaweza kuwa na swali ambalo mwongozo haukulifikiria.

Nakala ile kuukuu bado iko mezani pangu. Nimeandika ndani ya jalada: "Hakitahiniwi. Kisome."

Maswali ya kujadili darasani

1. "Majisifu aliiba mswada, lakini kilichompotea ni zaidi ya alichoiba." Thibitisha. (alama 20)

2. Linganisha namna Majisifu na Imani wanavyowatazama watoto wenye ulemavu, kisha ueleze kila mmoja anatumia kipimo gani cha utu. (alama 20)

3. Je, mwisho wa riwaya unaipa nguvu au unaidhoofisha dhamira iliyojadiliwa hapa? Toa hoja zako mwenyewe. Swali hili halina alama.