Mtaa Bila Mlima: Kumbukumbu za Moshi ya Zamani

Wahenga walisema ya kale hayanuki. Methali hiyo ni nasaha njema kwa waliogombana, lakini ni mtego kwa mwandishi wa kumbukumbu. Maandishi yanayoililia Moshi ya zamani karibu yote hupita njia moja: huanzia mnara wa saa, hushuka na mitaa kuelekea sokoni, huhesabu maduka ya Wahindi yaliyofungwa, baa zilizonyamaza, na sinema za Plaza na Everest zisizoonyesha tena filamu. Kisha mwandishi hushusha pumzi, na safari huishia hapo.

Majonzi hayo ni ya kweli, wala hayafai kubezwa. Msomaji wa Unguja aliyepata kusukumana mlangoni mwa Majestic au Cine Afrique anajua kwamba ukumbi mmoja wenye giza uliwakutanisha watu wasiokaa baraza moja. Filamu ya Awaara ya mwaka 1951 iliwaliza watazamaji wasiojua neno la Kihindi. Laura Fair, katika kitabu chake Reel Pleasures cha mwaka 2018, ameipa historia hiyo heshima iliyostahili. Kwa kuwa kimeandikwa kwa Kiingereza, kinahitaji mwenzake wa Kiswahili, aandikwe kwa lugha ya waliokata tiketi.

Kasoro ya maandishi ya Moshi ni kwamba yanauona mtaa na kuusahau mlima. Mtaa ule haukujilisha wenyewe. Uliishi kwa kahawa ya vihamba vya Machame, Kibosho, Marangu na Rombo, iliyokusanywa na vyama vya msingi na kuuzwa kupitia KNCU, chama kikuu kilichoundwa mwaka 1933. Malipo yalipotoka, mlima ulishuka mjini: bati za nyumba, vitambaa vya sare, khanga za kina mama. Mwenye duka na mwenye kihamba walikuwa kurasa mbili za daftari moja. Mwandishi anayesoma ukurasa mmoja hawezi kueleza hesabu ilivyoharibika.

Ndiyo maana huishia kumlaumu “wakati”. Lakini wakati hauweki sahihi. Sheria ya mwaka 1971 ilitaifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na Wahindi wengi wakaondoka nchini. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika. Mwaka 1989 mfumo wa mgao katika mkataba wa kimataifa wa kahawa ulisambaratika, bei ikaporomoka, na wakulima wakaanza kuitazama mibuni kama mzigo. Kanda za video zilikwisha kuingia majumbani; mwaka 1994 televisheni nayo ikaanza Tanzania Bara. Kila tukio lina tarehe yake, na baadhi yana wenye kuulizwa. Kumbukumbu isiyouliza huwasamehe wote kwa pamoja.

Kuna pia swali la nani alikaribishwa. Chini ya ukoloni, sheria ilimzuia Mwafrika kununua pombe kali za Kizungu. Kwa hiyo baa inayoliliwa leo haikuwa ya kila mtu tangu siku yake ya kwanza. Wakati huohuo, huko mlimani, wanawake walikuwa wakipika ndizi na kuzichanganya na kimea cha ulezi kupata mbege, na kata ikizunguka katika arusi, matanga na usuluhishi. Kilabu cha mbege hakina bango la taa wala picha ya ukutani, hivyo hakimo katika kumbukumbu hizi. Nacho hakijafa.

Vivyo hivyo mafundi cherehani wa barazani. Wangali wameinama juu ya mashine zao, mbele ya milango ileile ambayo mwandishi anaipita akitafuta kilichotoweka. Uandishi unaowaomboleza walioondoka una haki yake. Lakini ukiwapita walio hai bila salamu, hautakuwa umeupenda mtaa, bali ujana wa mwandishi.