Herufi Nzito na Neno Jepesi

Ndugu msomaji, huenda ukastaajabu kuona mtu amekaa kuhakiki sura ya herufi, kana kwamba hatuna jambo kubwa zaidi la kuzungumza. Nakuomba subira. Herufi ni chombo cha neno, na neno ni amana. Chombo kikitumiwa kwa hila, amana huharibika.

Tukitazame kwanza chombo chenyewe. Mwaka 1845, mjini London, mwenye kiwanda cha kusubu herufi aitwaye Robert Besley alitoa herufi nzito zilizopewa jina la Clarendon. Mchongaji alikuwa Benjamin Fox. Zilikuwa na vijiguu kama herufi za vitabuni, ila vijiguu hivyo ni vinene, na vimeungana na mguu kwa mpindo laini, mfano wa nguzo na kitako chake. Kabla yake palikuwapo herufi nono za matangazo ya ukutani, ambazo upande mmoja hufura na mwingine huwa mwembamba kama uzi. Jicho huchoka nazo upesi. Clarendon ilipunguza tofauti hiyo, ikawa nzito na bado ikasomeka hata ikiwa ndogo. Sheria ya Uingereza ilimpa Besley hifadhi ya miaka 3 tu. Ilipokwisha, viwanda vingine vikaiga, na leo jamaa zake wamo hata katika kompyuta za wapiga chapa wetu.

Kazi yake ya asili ni ya heshima: kulitenga neno moja kati ya mengi. Fungua Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotolewa na TUKI mwaka 1981. Neno linaloelezwa limewekwa kwa herufi nzito, na maelezo yake kwa nyepesi, nawe hulipata mara moja. Haja hiyo wazee wetu waliijua kabla ya chapa. Waandishi wa misahafu wa Siyu walitumia wino mwekundu kando ya mweusi ili kupambanua. Basi kanuni ni hii: uzito una maana pale tu penye wepesi kando yake. Tangazo la msikitini lililoandikwa lote kwa herufi nzito halikutilia mkazo jambo lolote. Ni mtu apigaye kelele tangu salamu hadi kwaheri.

Hayo ni makosa ya kutojua. Yako mengine ya kujua.

Nilikwenda Nyashimo, makao makuu ya wilaya ya Busega, mkoa wa Simiyu, kumjulia hali shemeji yangu, mjane wa binamu yangu, waliohamia huko kutoka pwani kwa biashara. Mji uko kwenye barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma. Baada ya chai, shemeji alinitolea karatasi iliyokunjwa. Juu yake, kwa herufi nzito zenye vijiguu, ndugu kabisa wa zile za Besley, pameandikwa kwamba mkopo hutolewa siku hiyo hiyo bila usumbufu. Kwa sanaa, sikuona la kulaumu: nafasi sawa, mistari imenyooka, maneno yanatuliza moyo. Nikaigeuza. Nyuma, kwa herufi ndogo mno, palikuwa na nyongeza ya kila wiki, na idhini ya kuchukua vyombo vya nyumbani akichelewa kulipa.

"Shemeji, haya ya nyuma uliyasoma?"

"Kwa macho yangu haya, shemeji? Nilisoma yaliyonisomeka."

Cherehani yake ilikuwa imekwisha kuchukuliwa.

Riba ni haramu kwa herufi yoyote, na hilo nilimkumbusha kwa upole. Lakini hapa palikuwa na dhulma ya pili juu ya ile ya kwanza. Sote tumesimuliwa jinsi Mtume (S.A.W.) alivyotia mkono katika lundo la nafaka sokoni, akakuta chini ni majimaji. Mwenye mali akasema ni mvua. Akaulizwa kwa nini hakuyaweka juu watu wayaone. Karatasi ile ndiyo lundo lile: kikavu kimepandishwa juu kwa wino mwingi, majimaji yamefichwa nyuma. Na Simiyu ni nchi ya pamba. Huko kila mtu anajua aibu ya kutia maji au mchanga katika pamba ili mizani ishuke. Mbona atiaye hila hiyo katika wino asionewe aibu?

Utasema: herufi haina dhambi. Kweli. Lakini aliyeipanga anayo sehemu yake. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, katika Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni, nayo inamtaka mwandishi awe mwadilifu. Kijana akaaye leo mbele ya kompyuta kupanga karatasi za mikopo ni mwandishi huyo huyo. Akiletewa kazi, na aseme: faida ikiwa nzito, na gharama iwe nzito vilevile.

Nasi wenye nyumba tujifunze kuanza kusoma karatasi kutoka chini. Asiyeona vizuri amwite mtoto amsomee kwa sauti, neno kwa neno, kwani kwa sauti herufi ndogo na kubwa huwa sawa. Na asitie sahihi kabla mtoto hajafika mwisho wa ukurasa wa nyuma.