Sahani za Uvunguni

Bibi aliinama, akavuta sanduku la bati kutoka uvunguni mwa kitanda, akalipangusa vumbi kwa upindo wa khanga. "Haya baba, tazama mwenyewe. Mimi macho sina tena." Tulikuwa Ngamiani, Tanga, saa nne asubuhi, na mjukuu wake aliyenileta alikuwa ameshaanza kupiga hesabu kichwani. Marehemu mume wa bibi alikuwa mpenzi wa dansi. Ndani ya sanduku mlikuwa na santuri 43, nyingi zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, zenye tundu kubwa katikati. Chini kabisa, zimefungwa kwa gazeti, mbili nzito za mizunguko 78.

Sikuuliza ni nyimbo gani. Nilichukua ya juu kwa kuishika kingo, nikaenda nayo dirishani.

Sehemu hii naipenda pengine kuliko hata kusikiliza. Unailaza sahani kwenye mwanga, unaigeuza polepole, unaitazama inavyometa. Ambayo haikuchezwa sana ina mng'ao mmoja unaozunguka nayo, kama mbawa za kunguru. Iliyochezwa kwa sindano butu ina weupe fulani, kama ngozi iliyokosa mafuta. Imepauka. Wengi huogopa mikwaruzo, lakini mimi huogopa zaidi kupauka. Mkwaruzo hugonga mara moja kwa kila mzunguko, ukapita. Kupauka maana yake ni kuta za mifereji zimelika, na kilicholika pale ni sauti yenyewe. Mkwaruzo nao una mtihani wake: pitisha ukucha juu yake taratibu. Ukucha ukiteleza, sindano nayo itateleza. Ukucha ukinasa, jiandae.

Kisha unausoma ule ukanda laini ulio kati ya mwisho wa wimbo na lebo. Pale pana namba ndogo, zimegongwa au zimechorwa kwa mkono, ambazo wenye sahani huishi nazo miaka 40 bila kuziona. Lebo ni karatasi, inaweza kubadilishwa. Namba zile ziko kwenye mwili wa sahani, na anayejua kuzisoma hutambua kama ni toleo la kwanza au ni la kurudiwa miaka ya baadaye. Asiyezitazama huuziwa mbuzi kwenye gunia.

"Kaka, vitu vya zamani hivi si ni pesa?" mjukuu aliniuliza. Swali hilo nimeulizwa Mombasa, nimeulizwa Dar es Salaam, na jibu langu huwavunja watu moyo. Uzamani peke yake hauna bei. Mwimbaji Jim Reeves alifariki mwaka 1964, na naapa kila nyumba ya pwani iliyokuwa na gramafoni ilikuwa naye, na bado yumo. Mtu huniletea Jim Reeves amefungwa kwa kitambaa kama msahafu, akitaraji kupata bei ya kiwanja. Inabidi nimpe chai kwanza.

Bei hupanda pale zilipotengenezwa chache na wanaozitafuta wakawa wengi, na kwetu uchache huo una kisa chake. Kiwanda kilikuwa Nairobi. Tanzania, pamoja na bendi zake zote, haikuwa na kiwanda cha santuri. Bendi za jazz za Tanga, Morogoro na Dar es Salaam zilirekodi Redio Tanzania, zikapigwa hewani, zikapendwa mpaka vijijini, lakini sahani ilibidi izaliwe ng'ambo ya mpaka. Mwanamuziki wa Tanzania aliyetaka kushikika mkononi alikuwa na safari ya Kenya. Mbaraka Mwinshehe, mwana wa Morogoro, alikuwa na soko kubwa huko, na hata mauti yalimkuta Mombasa, kwa ajali ya gari, Januari 1979. Wimbo wake "Shida" uliuzwa sana, kwa hiyo leo haupatikani kwa shida. Vigumu ni vile vibendi vilivyokwenda Nairobi mara moja, vikatoa sahani moja au mbili, vikarudi nyumbani na kuvunjika. Kisha miaka ya 1980 kaseti zikatawala, kila duka la kinyozi likawa kiwanda cha kunakili, na biashara ya santuri ikazimika.

Jambo lingine linalotia sahani thamani ni la kusikitisha. Kanda mama nyingi za studio zimepotea, zimefutwa au zimeoza. Wimbo wa namna hiyo ukitaka kutolewa upya, hakuna pa kuupata ila kwenye sahani ya mtu, yenye vumbi la mtu. Hapo sahani huacha kuwa nakala.

Ulaya na Marekani wauzaji wana madaraja yao ya kupima hali ya sahani, na lipo daraja ambalo jina lake, ukilitafsiri, ni "nzuri sana". Mgeni wa shughuli hii hufurahi akiliona. Sahani ya "nzuri sana" hukaangika tangu mwanzo hadi mwisho kama kitumbua kinachoingia mafutani. Hata "nzuri" tupu ni msiba. Wanachokitaka hasa ni sahani isiyochezwa: kava safi, lebo isiyoandikwa, mifereji bikira. Naielewa hamu hiyo, na nikipata sahani kama hiyo nami moyo hunienda mbio. Lakini sijawahi kuacha kujiuliza ilikaa wapi miaka yote ile, kwa nani, hata isichezwe.

Za bibi zilichezwa. Zile za 45 zina desturi moja: wimbo wa dansi ulikuwa mrefu kuliko upande mmoja, ukakatwa vipande viwili. Upande wa kwanza huwa na maneno, mume analalamika, mke anaaswa, wakwe wanaombwa radhi. Upande wa pili waimbaji hupungua na magitaa huachiwa uwanja, chemko lenyewe. Nilizigeuza moja moja kwenye mwanga, na karibu zote upande wa pili ulikuwa umepauka zaidi. Marehemu hakuwa mtu wa kukaa na kusikiliza mashairi. Kwenye lebo alikuwa ameandika jina lake kwa kalamu ya wino, na kwenye chache palikuwa na mhuri wa baa. Kila mwandiko na kila mhuri hupunguza bei. Nilimwambia mjukuu hivyo, nikamwonyesha pia sahani tatu ambazo hata na mhuri wake zina pesa, tukapatana.

Zile mbili nzito zilikuwa jambo jingine. Santuri za 78 hazikutengenezwa kwa plastiki ya siku hizi. Ndani yake mna vumbi la mawe lililogandishwa kwa utomvu ambao wadudu wadogo wa India huuacha kwenye matawi ya miti, utomvu ule ule ambao mafundi seremala huuyeyusha kwa spiriti kung'arishia makabati. Ningeujua ukweli huo mapema, ningejiokoa. Miaka ya mwanzo nilikuwa nikisafisha zile za plastiki kwa maji yenye spiriti kidogo, zinatakata. Siku moja nikaipangusa ya 78 vivyo hivyo. Kitambaa kikawa cheusi, nikafurahi kwamba uchafu unatoka. Nikapangusa tena. Uliokuwa unatoka ulikuwa wimbo. Tangu hapo za 78 huoga maji baridi na tone la sabuni, basi.

Kwenye ukoo huo wa sahani nzito ndimo zilimo za mwimbaji Siti binti Saad, aliyevuka bahari na wenzake mwaka 1928 hadi Bombay kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice, ile ya mbwa na pembe. Dakika tatu hivi upande mmoja, kwa taarab iliyozoea kukesha. Mjukuu aliponiona nimezishika kwa mikono miwili akadhani ndizo. Hazikuwa. Moja ilikuwa na ufa hadi katikati. Ya pili lebo yake ilikuwa imeliwa na mende, jina la mwimbaji halipo, namba zimelika. Sokoni haina kitu.

"Hiyo ya mama mkwe," bibi akasema, akiipapasa ukingoni. "Nilikuta humu nilipoolewa."

Nikaomba kuiazima. Nyumbani nina sindano tatu za unene tofauti kwa ajili ya sahani kama hizo. Mfereji wa 78 ni mpana, sindano ya kawaida huzama hadi chini kwenye taka. Sindano za chuma za zamani nazo zilikula kuta kwa kimo fulani tu. Ukiweka iliyo nene zaidi, hukaa juu kidogo, mahali ambapo chuma hakikufika, na wakati mwingine pale pana ukuta mzima. Ya kwanza ilinipa mvua. Ya pili, mvua na mtu anayezungumza chumba cha pili. Ya tatu, mwanamke akaingia chumbani, na fidla nyuma yake.

Niliirekodi kwenye simu, nikarudi Ngamiani baada ya wiki tatu. Palikuwa na mahali pamoja, ubeti wa pili, ambapo sindano iliruka kila nilipojaribu, nusu ya mstari ikapotea, na nilikuwa nimeandaa udhuru. Bibi hakuungoja. Alikuwa ameshaanza kuufuata wimbo kwa sauti ya chini, macho ameyafumba, na alipofika pale, naye akaruka. Aliangukia neno lile lile, bila kusita.

Mjukuu akacheka. "Bibi, umeruka."

"Nimeruka wapi?" akasema. "Ndivyo ulivyo."