CHOMBO KISICHOFIKA: UHAKIKI WA MCHEZO WA KUSAKA HAZINA

Tangu Mei 2000 umeenea duniani mchezo wa kusaka hazina kwa GPS: mtu huficha kijikasha, hutangaza latitudo na longitudo yake, na wengine hukitafuta. Baadhi ya walimu wameugeuza somo la historia. Sisi twauchukua hapa kama fani ya usimulizi, na twauliza ni maudhui gani fani hiyo yaweza kuyabeba.

Katika mji wa soko kama Howden, Uingereza, hapana tabu. Huko ndiko kilikoundwa R100, chombo kikubwa cha kuelea angani kwa gesi, kilichopaa mara ya kwanza tarehe 16 Desemba 1929. Mahali pakishapatikana, hadithi nayo imepatikana.

Mwalimu wa Nkanka, kando ya Ziwa Kivu, afanyeje? Rwanda ilikuwa sehemu ya Afrika Mashariki ya Kijerumani hadi Wabelgiji walipoingia mwaka 1916, na urithi wa koloni hilo katika jambo hili ni wa ajabu, kwani chombo chenyewe hakikufika. Tarehe 21 Novemba 1917 chombo L59 kiliondoka Jamboli, Bulgaria, kikiwa na takriban tani 15 za risasi, dawa na vifaa kwa ajili ya majeshi ya von Lettow-Vorbeck, ambayo wakati huo yalikwisha kusukumwa kusini kabisa. Hakikutarajiwa kurudi, hata kitambaa chake kilikusudiwa kushonwa mahema. Kilipokuwa magharibi ya Khartoum kikapata amri ya kurudi, nacho kikarudi: saa 95 angani, zaidi ya kilomita 6,700, bila kutua.

Msomaji ataona hatari iliyopo. Mchezo huu hupenda kinachopimika, na kilichopimwa hapa ni ushujaa wa marubani. Mizigo mingine ya vita ile ilibebwa vichwani. Wapagazi walikufa kwa maelfu mengi, zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi, na makaburi ya wengi wao hayana latitudo wala longitudo. Hata hivyo walituachia neno. Kariakoo, soko lile la Dar es Salaam, limepata jina lake kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza. Nairobi nayo ina Kariokor yake. Hapo neno lenyewe ndilo kijikasha, nasi walimu wa lugha tunalipita kila siku tukienda kununua nyanya.

Kwa hiyo hatuukatai mchezo, ila tungeuandika upya. Kituo cha kwanza kiwe ufukoni Nkanka, na kidokezo chake kisomeke hivi: «Tani 15 hazikufika kwa njia ya anga. Mtafute mzee aliyesikia habari za vita ile kwa wazazi wake, umwulize waliobeba mizigo waliitwaje kwa lugha ya hapa. Liandike neno hilo, ulitie kijikashani, umwachie ajaye.»