Tupa kwenye Nambari 4

Kijana wetu wa Malindi aliusoma upepo wa kusi vizuri, na kundi la risasi zake za mita 200 lilikaa pamoja. Hapo sina neno. Neno langu ni tupa.

Usiku wa kuamkia mashindano alifungua bunduki yake, Lee-Enfield Nambari 4, akaisugua kwa tupa ndoana inayoizuia pini isifyatuke, ili kifyatulio kiwe chepesi. Lilikuwa kosa tangu tupa ilipogusa chuma. Ugumu wa ndoana ile uko juujuu tu. Ukiukwangua unafikia chuma laini, pembe inapotea, na kila risasi inazidi kuila. Kati ya mivuto miwili ya kifyatulio, wa kwanza ukatoweka, wa pili ukabaki mguso. Mliona wenyewe mita 300: kidole kinatafuta mahali pake, risasi imeshakwenda zake. Siku nyingine ingeondoka boliti ikifungwa, na mtutu umeelekea kusikojulikana.

Na uzito wenyewe wa kifyatulio ulitoka wapi? Kiwango cha jeshi kwa mvuto wa pili kilikuwa ratili 5 hadi 6.5, na cha kwake kilizidi masika yalipoingia. Hiyo ni Mk 1: kifyatulio kimepachikwa kwenye kinga yake, na kinga imekaa kwenye mbao. Mbao zikivimba kwa unyevu wa pwani, kifyatulio kinasogea mbali na ndoana. Waingereza waliliona hilo. Kwenye Mk 2 wakakihamishia mwilini mwa bunduki. Dawa ilikuwa kukagua mbao na skrubu za kinga, kisha kuing'arisha ndoana kwa jiwe laini la kunolea, bila kubadili pembe yake.

Nimelisema mara nyingi: wakaguzi waning'inize mawe ya mizani kwenye kifyatulio. Kanuni za kimataifa za bunduki ya standadi ya mita 300 zinadai gramu 1,500. Huku kwetu jiwe halikutoka hata sandukuni.

Na kidole kinachowahi humponza hata bingwa: kwenye fainali ya Olimpiki ya Beijing 2008, mlenga shabaha Matthew Emmons aliongoza kwa pointi 3.3 ikibaki risasi moja. Kidole kikawahi, akapata 4.4, akawa wa nne. Huyo ni bingwa wa Olimpiki, na kifyatulio chake kilitengenezwa na mafundi.

Charles Trotter na Roy Congreve walipoipigia Kenya shabaha Melbourne 1956, kizazi chao kilijenga kidole kwa kufyatua bila risasi, jioni baada ya jioni. Vijana wa sasa wananunua vyuma.

Ndoana ile itupwe. Iwekwe mpya, uzito wa kifyatulio upimwe bunduki ikiwa imefungwa kikamilifu, usishuke chini ya kilo mbili, kisha kitako kigongwe sakafuni bila risasi chembani tuone kama ndoana itashika.