Iceland na Riwaya Zisizo na Wapokezi

Mwaka 1544 mwanachuoni wa Kijerumani, Sebastian Münster, alitoa kitabu chake mashuhuri cha jiografia. Humo aliandika kuwa katika kisiwa cha Iceland, kaskazini ya mbali, mna gereza la roho za waovu: moto wa mlima Hekla ni adhabu yao, na sauti ya barafu baharini ni kilio chao. Alinakili tu kwa waliomtangulia, na waliomfuata wakanakili kwake.

Mwaka 1593 akajibiwa na mwenyeji wa kisiwa hicho, kasisi Arngrímur Jónsson, katika kitabu kilichochapwa Copenhagen kwa Kilatini, lugha ya wanazuoni wale wale. Njia yake yapendeza. Huinukuu kauli ya mwandishi, kisha huitaka ushahidi. Kwani nani aliyeziona roho hizo? Na mbona mlima Etna wa Sicily nao huwaka moto?

Dithmar Blefken ni mzito zaidi, maana katika kitabu chake cha 1607 alidai kuwa yeye amefika. Hapa hapatoshi kuuliza nani aliona. Shahidi mwenyewe ndiye wa kupimwa. Arngrímur alimpima mwaka 1612, ingawa kwa maoni yangu hasira ilimzidi, na hasira humpa mpinzani pa kujificha.

Mwaka 1625 Samuel Purchas wa Uingereza alichapisha mkusanyiko wake wa safari. Blefken yumo, na Arngrímur yumo, kurasa chache tu kati yao.